Gari Linalokunywa Kidogo

Nyote mnaniuliza swali moja. Mama wa samaki ameniuliza, wale wa meza za vitenge wameniuliza, na jirani yangu wa mtaa wetu wa Mangobo aliniuliza nikiwa bado na sabuni usoni: "Mama Zaina, muko na jeep ya mupya pale kwenu, mbona we iko natembea na miguu?" Nimemjibu kila mtu kipande chake, na sasa vipande vimeanza kugombana. Kuna wanaosema tuliporwa njiani. Kuna wanaosema mimi na mdogo wangu Ramazani tumekosana kwa ajili ya urithi. Urithi gani, jamani, na mama yetu yuko hai anakula lituma yake ya ndizi za kuponda nyumbani kwangu? Basi nimekaa, nimeandika yote. Someni, kisha mniache niuze maharagwe yangu.

Mtaelewa vizuri mkijua mambo mawili. La kwanza: Ramazani alitaka gari la kubeba abiria kati ya Kisangani na Bafwasende, na magari yanayoingia kutoka mpakani yanauzwa Isiro. La pili: mama yetu alikuwa Bafwasende kwa shangazi, na macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hamtambui anayeingia mpaka amsalimie. Mwezi ule walikuwa wamekuja madaktari wa macho hapa Kisangani, na siku yao ya mwisho ya kupasua ilikuwa Ijumaa. Tungeenda Isiro, tungechagua gari, tungerudi nalo tukimpitia Mama, na Alhamisi tungekuwa hospitali. Kwa hiyo kila nitakachosimulia hapa, kipimeni kwa Ijumaa ile. Mimi nilikipima hivyo kila saa, na nilichoka.

Kisangani hadi Isiro, juu ya pikipiki

Tulikwenda watu watatu: mimi, Ramazani, na Tonton Baudouin. Huyu tunamwita Tonton, yaani mjomba, lakini ni jirani yetu, dereva wa malori wa zamani ambaye sasa anatengeneza injini nyuma ya nyumba yake. Ramazani alimwomba ushauri, kisha akafanya bidii yote asiusikie. Tulipanda pikipiki tatu, tukala vumbi siku mbili na nusu. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo, ila hayo si ya kuwachosha.

Nitawaambia tu kuhusu Bafwasende, maana tulilala pale. Mama alikuwa amekwisha kufunga nguo zake ndani ya kitenge, ingawa tungerudi baada ya wiki nzima. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba watoto wake wanakwenda kuleta gari. Asubuhi ile palikuwa na lori linakwenda Kisangani, na kiti cha mbele kilikuwa wazi. Nikamwambia shangazi ampandishe, afike mapema, atusubiri kwangu.

"Mi niko na batoto," Mama akasema. "Batoto beko nakwenda kukamata gari. Sasa nipande camion juu ya nini?"

Shangazi akacheka. Mimi pia nikacheka, na nilifurahi, sitawaficha. Nilimwona jinsi alivyonyoosha shingo aliposema neno gari. Lori likaondoka na kiti chake.

Isiro: lita nne na chupa tisa

Uani kwa muuzaji palikuwa na magari mawili ya bei moja, na tulizunguka kati yake siku mbili mpaka mbwa wa pale akatuzoea. Moja lilikuwa dogo, la miaka ya karibuni, la petroli, na ndani lina kioo kinachowaka kama simu. La pili lilikuwa refu, la zamani, la mazutu, yaani dizeli, milango yake inafungwa kwa nguvu na kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Tonton Baudouin alilibatiza la kwanza Mademoiselle. La pili aliliita Mzee tu, kwa heshima.

Mimi ni mtu nisiyetulia. Mume wangu husema hata nikilala miguu yangu iko sokoni. Siku zile mbili nilisimama, nikakaa, nikafungua mlango, nikaufunga, na kila nilipouliza tutaondoka lini, Ramazani alinionyesha daftari lake. Alikuwa ameandika ukurasa mzima juu ya mafuta. Njia ya Bafwasende ni ndefu, mafuta huko ni ghali, gari linalokunywa sana litakula nauli yote na abiria watabaki kulilisha gari lenyewe. Si upuuzi. Nilimwelewa.

Tonton Baudouin hakuwa na daftari. Alilala chini ya Mzee kwa muda mrefu, akatoka na mkono mweusi.

"Rama, mi nauliza kitu moya tu," alisema. "Ikikatala katikati ya pori, nitatengeneza na nini? Huyu Muzee, niko na clé mbili za kufungulia, natengeneza. Iko na kakopo hapa chini: maji ikiingia ndani ya mazout, unafungula, unamwanga, unaenda. Ile Mademoiselle, filtre ya kuchuja mafuta iko ndani ya tanki, tanki iko chini ya kiti. Na mafuta ya njia yetu unaijua."

"Bon, Tonton, lakini gari ya mupya haikatalake ovyo," akasema Ramazani. "Tupime. Chenye kipimo itasema njo tutafuata."

Wakapima. Walijaza matangi yote mawili hadi shingoni, wakaendesha magari mpaka kijiji fulani na kurudi, njia moja, Ramazani huku na Tonton kule. Kisha wangejaza tena na kuhesabu kila gari limekunywa kiasi gani. Mademoiselle walimjaza kwenye pampu: lita nne. Pampu ya mazutu siku hiyo ilikuwa kavu, basi nikatumwa mimi kwa mwanamke anayeuza mafuta ya chupa kando ya barabara. Alikuwa amezisimamisha chupa zake ndani ya beseni la mchanga, eti jua lisizichome. Chupa za plastiki, za lita moja. Nikachukua sita, nikazibeba kwa shingo zao, tatu mkono huu na tatu mkono huu. Zikamiminwa zote, tanki halijajaa. Nikarudi nikaleta mbili. Halijajaa. Nikarudi tena kwa moja, jasho likinitiririka, na hiyo ya tisa ndiyo iliyofika shingoni.

"Yaya, umehesabu?" Ramazani aliniuliza mimi dada yake mbele ya muuzaji.

"Nimehesabu. Tisa."

"Ine na tisa," alimwambia Tonton. "Mara mbili na zaidi. Alors?"

Tonton Baudouin alimtazama Mzee, akatazama chini ya lile gari kama kuna kitu kinavuja. Hakuna kilichovuja. Alifuta mikono, akasema gari ni la mwenyewe. Nilipoulizwa mimi, dada mkubwa, nilisema kilichoonekana: nani anunue mlevi na mama yetu anasubiri? Ndivyo tulivyomnunua Mademoiselle. Zile chupa tisa tupu nilizitia nyuma ya kiti, maana mwanamke wa soko hatupi chupa.

Isiro hadi Wamba: mvua na mradi

Tuliondoka Jumanne asubuhi, na saa mbili za kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha. Mademoiselle alikwenda kimya, hewa baridi ikinipuliza magotini, Ramazani akisoma namba kwenye kioo: sasa inakunywa hivi, sasa hivi, sasa imepungua. Ikaja mvua. Ikanyesha kama saa moja tu, lakini mnajua desturi ya njia zetu za udongo: mvua ikikatika, fimbo inashushwa barabarani na hakuna gari linalopita mpaka ardhi ikauke. Mzee wa fimbo alikuwa na kiti chake na redio yake. Nilimweleza habari za macho ya Mama. Alisikiliza vizuri, akasema pole.

"Udongo haina masikio, mama," alisema. "Ukipita sasa, kesho batu yote bataanguka mu shimo lako."

Alisema kweli, na hilo lilinikera zaidi. Tukakaa pale saa tano. Niliutembea ule mstari wa magari mpaka wauza karanga wakaanza kunijua kwa jina.

Kijiji kilichofuata kilitupotezea saa nyingine. Tulisimama kununua ndizi. Watu waliona gari jipya linang'aa, mwanamume mwenye daftari, na mama mnene mwenye miwani ya jua, wakaamua sisi ni mradi, wale watu wa misaada. Kabla sijamaliza kuchagua ndizi, viti vitatu vilikuwa vimepangwa chini ya paa la shule, chifu amevaa koti, na mwalimu ameanza kusoma matatizo: chemchemi imeziba, paa linavuja, madawati hakuna. Nilisubiri Ramazani aseme hapana. Ramazani akafungua daftari na kuanza kuandika.

"We iko naandika nini?" nilimnong'oneza.

"Yaya, ni vibaya kukatiza mukubwa akisema."

Nilisimama mwenyewe, nikasema sisi si mradi, sisi ni watoto tunaompeleka mama yetu hospitali. Chifu akavua koti, akalikunja. Niliona haya kuliko maisha yangu yote, kwa sababu walikuwa tayari wamemkamata kuku. Mwalimu akasema, bila ubaya, "Kila gari inapitaka hapa na mama yake mugonjwa." Wakatupa ndizi bure, na sikujua pa kuweka uso wangu. Tulifika Wamba giza limeingia, wakati tulipaswa kuwa tumeivuka kabla ya adhuhuri.

Wamba hadi Nia-Nia: kikohozi

Jumatano tulijaza mafuta Wamba. Pampu haikuwapo, tulinunua ya kwenye bidoni, madumu ya plastiki, ikamiminwa kupitia kitambaa. Tonton Baudouin alichovya kidole, akanusa, akatazama kando. Ramazani alisema kila mtu anatumia haya haya. Kweli, pikipiki zilikuwa zimejipanga nyuma yetu.

Kama kilomita arobaini mbele, Mademoiselle akakohoa mara moja. Sote watatu tulisikia. Akakohoa tena kwenye mlima. Taa ndogo ya njano ikawaka kwenye kioo kile kizuri. Tangu hapo sikusikia kitu kingine duniani. Watu wanasifia msitu wa huko, ndege na nyani. Mimi nilisikiliza injini tu, mguu wangu ukikanyaga sakafu kana kwamba nasaidia.

Nia-Nia tulifika jioni. Mwenye nyumba ya chakula alituletea lituma nzuri, laini, na sahani ya nyama yenye mchuzi mweusi. Nikamuuliza ni nyama gani. Akasema ya pori. Nikamuuliza ya pori gani, nani kaichinja. Akadhani nasema chakula chake ni kichafu, akaondoa sahani yote, na lituma pamoja nayo. Ilimbidi Tonton Baudouin, ambaye ni Mkatoliki na alikuwa amekwisha kumeza vipande vitatu, amfuate jikoni kumweleza kwamba mimi ni Mwislamu, si mkorofi. Mwenye nyumba akarudi na pondu, majani ya muhogo, na samaki wa kukaushwa, na aliniangalia nikila mpaka tonge la mwisho kuhakikisha. Ilikuwa pondu nzuri mno. Nililala na tumbo limeshiba, nikihesabu: kesho Alhamisi.

Nia-Nia hadi Bafwasende: chupa iliyokatwa

Alhamisi saa nne asubuhi, kabla ya Bafwabalinga, Mademoiselle akanyamaza kabisa. Hakupasuka, hakutoa moshi. Alinyamaza tu, akateleza kidogo, akasimama.

Tonton Baudouin alitoa kiti cha nyuma kizima, akakiweka barabarani. Akafungua kifuniko, akatoa mafuta kidogo kwenye chupa, akaiinua juani. Chini ya ile petroli palikuwa na maji, vidole viwili, yametengana kabisa.

"Njo ile," alisema. "Muzee angemwanga, angeenda. Huyu mutoto wa masomo, maji kidogo tu, anakatala."

Ilibidi kutoa mafuta yote, kuyaacha yatulie, na kurudisha yale ya juu. Akahitaji kifaa cha kumiminia. Akachukua chupa moja kati ya zile tisa nilizotoka nazo Isiro, akaikata kwa kisu katikati. Alikata, kisu kikagota. Akaigeuza juu chini. Kitako cha ile chupa kilikuwa kimesukumwa ndani kwa moto, kimeingia ndani sana, pangeweza kukaa ngumi ya mtoto. Akanipa mimi nikipapase.

Nikazitoa zile nyingine nane. Zote hivyo hivyo. Nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa, ambayo ni lita kamili, nikamimina kwenye moja ya zile. Ikajaa mpaka mdomoni, na mkononi mwangu maji yakabaki theluthi nzima.

Tisa ilikuwa sita.

Sasa hapa nitasema kitu, na msinitazame hivyo. Kikopo changu cha kupimia maharagwe, mnakijua kitako chake. Nimekigonga kwa nyundo mwenyewe, kutoka chini kwenda juu, na mteja akitazama kwa juu anaona kimejaa na kilele. Chenu kiko vile vile. Sote tumelea watoto kwa vile vitako. Miaka ishirini nimeuza kwa kikopo kile, na mwanamke wa Isiro ananisimamishia chupa ndani ya mchanga, nami nazibeba kwa shingo, narudi mara tatu, nahesabu tisa mbele ya watu! Kama kungekuwa na mtu mmoja duniani wa kupapasa chini ya chupa zile, angekuwa mimi. Niliwaza mazutu ni kitu cha wanaume, hakina ujanja wa soko. Niliona aibu, na hasira, na nilitaka kurudi Isiro kwa miguu.

"Hata sita iko mingi kupita ine," Ramazani alisema taratibu. Alikuwa amekaa juu ya kiti kile barabarani, daftari limefungwa.

"Ndiyo. Lakini kwa sita ningesema Mzee."

Tonton Baudouin angeweza kusema niliwaambia, na hakusema. Alimimina mafuta tone kwa tone kupitia ile chupa iliyokatwa, saa nzima, na saa ya pili, nami nikizunguka gari mpaka aliniambia, kwa upole, "Mama Zaina, kivuli yako iko napita juu ya kazi yangu." Tuliingia Bafwasende jua linazama, tukikohoa.

Bafwasende hadi Kisangani

Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, kitenge chake magotini. Majirani walikuwa wamekuja. Alipandishwa gari mbele yao alfajiri ya Ijumaa, akapunga mkono upande ambao hapakuwa na mtu, na watu wote wakahamia upande ule ili wapungiwe. Tulikuwa na hesabu: tukiondoka saa kumi na moja, tungefika Kisangani saa saba. Hospitali walituambia kazi inafungwa saa tisa.

Tulienda vizuri. Mama alipapasa kiti, akafungua na kufunga kisanduku cha mbele, akauliza ni nani anapuliza baridi. Karibu na Bafwaboli, saa tatu na nusu, injini ikanyamaza.

Mama akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. Akavuta gauni. "Tumefika?" akauliza.

"Bado, Mama. Tonton anaangalia kitu kidogo."

Kiti kikatoka tena, na safari hii na Mama pembeni, juu ya mkeka. Akapita kijana wa pikipiki, akasimama, akaona hali. Akasema yuko peke yake, anakwenda Kisangani, anaweza kubeba mama mzee katikati na mimi nyuma nimshike. Tonton Baudouin aliinua kichwa. "Muende," alisema. "Mademoiselle mi sina imani naye."

"Tuko karibu kumaliza, Tonton alishasafisha," Ramazani akasema. "Dakika kumi. Yaya, Mama juu ya pikipiki na ile mashimo?"

Nikamtazama Mama. Miguu yake ni myembamba siku hizi. Nikamwona akianguka, nikaona damu. Nilikuwa nimepita njia ile juu ya pikipiki siku chache tu zilizopita na nilijua ilivyonirusha. Nikamwambia kijana aende. Mimi ndiye niliyemwambia, si Ramazani, wala sitaki mtu amsingizie. Zile dakika kumi zikawa saa mbili.

Gari liliwaka karibu saa sita. Tulikwenda kasi. Saa nane kasoro, injini ikakata tena, na tulikuwa tumebakiza kama kilomita sitini. Mama akatengeneza kitambaa, akavuta gauni. "Tumefika?"

Mara ya tatu, nilipokuwa tayari naona mabati ya kijiji cha karibu na mji, Mama alitengeneza kitambaa tu. Hakuuliza. Tulimsukuma Mademoiselle mimi na Tonton, na mama yetu ndani amekaa wima, mikono juu ya kitenge chake.

Hospitali

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Mwanamume mmoja alikuwa anafagia. Kwenye ukumbi palikuwa na viti vimepandishwa juu ya viti. Nilimuuliza madaktari wa macho wako wapi, nikamuuliza haraka haraka kama mwendawazimu.

"Balifunga saa tisa," alisema. "Masanduku bilipakiwa, beko njiani."

"Watarudi?"

"Batarudia. Siku gani, hatujaambiwa."

Ile pikipiki, nimehesabu mara mia, ingefika saa nane. Siwezi kuacha kuhesabu. Nikiwa napima maharagwe nahesabu, nikiwa naswali nahesabu, Mungu anisamehe. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshikwa mkono na Ramazani, na alikuwa amesikia. Alisema basi twende nyumbani, ana njaa, na hajakula lituma ya mkono wangu tangu mwaka jana. Ramazani alilia pale kwenye ngazi, mtu mzima na ndevu zake. Mimi sikulia. Nilitembea kwenda na kurudi mbele ya ule ukumbi mpaka yule bwana akamaliza kufagia na kuomba kufunga.

Mangobo

Sasa mnajua. Mademoiselle si gari baya, na hili nalisema ili mwenye kutaka kununua asifuate hasira yangu. Hapa mjini, kwa petroli ya pampu, anakunywa kidogo kweli. Ramazani anabeba watu wa ofisi za Makiso, katikati ya mji, na tangu tulipofika hajakohoa hata siku moja. Njia ya Bafwasende ameiacha. Tonton Baudouin anapita kila asubuhi kumsalimia Mama, na habari za Mzee hatuzitaji. Mimi natembea kwa sababu kila nikikaa ndani ya gari lile, nikisikia linapunguza mwendo, namsubiri mtu aulize kama tumefika. Hakuna sababu nyingine. Msimsumbue mdogo wangu.

Jumapili iliyopita Mama aliomba kupelekwa nje, kwenye gari. Tangu tufike hakuwahi kulitaja. Ramazani alikuwa anaosha, akaacha ndoo, akamshika mkono. Mama akapapasa mlango, akapapasa kioo cha pembeni, akazunguka mpaka mbele na kuweka viganja vyake viwili juu ya boneti yenye joto.

"Iko na rangi gani?" akauliza.

"Gris, Mama."

"Gris njo nini?"

Ramazani akatafuta maneno. "Sawa... sawa ukungu ya asubui juu ya muto," alisema. "Kama huoni ngambo."

Mama akatikisa kichwa polepole, viganja bado juu ya gari.

"Ah. Basi hiyo mi naionaka."